Mwongozo kamili wa kulinda urithi wa mtaa: kutoka daftari hadi Gazeti Rasmi la Serikali

Urithi wa utamaduni ukitajwa, wengi wetu hapa Nairobi huwaza mambo ya mbali: piramidi za Misri, Mji wa Kale wa Lamu, au ngome ya Fort Jesus tuliyoitembelea tukiwa wanafunzi. Ni wachache wanaowaza ukumbi wa mtaa alimofanyiwa harusi shangazi yao, maktaba ya Kaloleni, au sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha nyanya, lenye picha, barua na kipande, kile kitambulisho cha lazima alichovaa babu shingoni enzi za mkoloni. Mwongozo huu ni wa watu wanaotaka kulinda vitu vya aina hii ya pili, hasa vikundi vya wakazi, kamati za misikiti na makanisa, na familia zenye wazee ambao bado wanakumbuka.

Yapo mambo mengi ya kufanya, lakini moja hutangulia yote, nalo ni kumbukumbu iliyoandikwa na kuwekewa tarehe kabla hatari haijafika. Nimeketi katika mikutano ya wakazi ambapo sauti zilipazwa siku tingatinga lilipokuwa tayari langoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na picha yenye tarehe, kipimo cha ukuta, wala karatasi inayoeleza kwa nini jengo lile lilistahili kubaki. Ofisa hawezi kujaza fomu kwa machozi yetu.

Hatua ya kwanza: amueni mnalinda nini hasa

Kabla ya kuandika barua yoyote, kaeni pamoja mkajibu swali hili kwa maneno yenu wenyewe: kitu hiki kikitoweka, ni nini kitakachokuwa kimepotea? Wakati mwingine jibu ni ukuta au paa. Mara nyingi jibu ni matumizi, sauti au jina. Chukueni mfano wa soko la Kariokor hapa Nairobi. Jina hilo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambamo maelfu ya Waafrika walipoteza maisha wakibeba mizigo ya vita visivyowahusu. Soko likipewa jina jipya kesho na kuta zake zote zikabaki zimesimama, kwa maoni yangu sehemu kubwa ya urithi wake itakuwa imekwenda.

Msihangaike na vigezo vya dunia nzima. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1972 hudai kwamba eneo la Urithi wa Dunia liwe na thamani ya kipekee kwa binadamu wote na litimize angalau kigezo kimoja kati ya 10 vilivyowekwa, na ndiyo sababu Kenya nzima ilikuwa na maeneo manane tu katika orodha hiyo baada ya magofu ya Gedi kuingizwa mwaka 2024. Ukumbi wa mtaa hauhitaji kupita katika tundu hilo la sindano. Unachohitaji ni ukurasa mmoja, usiozidi, unaoeleza umri wa jengo, aliyelijenga, kilichofanyika ndani yake, wanaolitumia sasa, na sehemu zake ambazo hazipaswi kuguswa. Sentensi kama “jengo hili ni la kihistoria” haina kazi. Sentensi inayosema kwamba ndani ya chumba hiki wapangaji wa mtaa walikuwa wakikutana kila Jumapili, na kwamba benchi za mbao walizokalia bado zipo zikiwa na majina yaliyochongwa kwa kisu, humpa msomaji kitu cha kushika.

Hatua ya pili: andikeni orodha, na muiandike kama watu watakaoibiwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo vikundi vingi hukimbilia mbele kwa sababu haina sherehe wala hotuba.

Kwa vitu vinavyohamishika, tumieni utaratibu wa kimataifa unaoitwa Object ID, ambao ulizinduliwa mwaka 1997 na sasa unasimamiwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM. Hauhitaji kompyuta, kwani daftari la kawaida linatosha. Kwa kila kitu mnaandika aina yake, vifaa na ufundi uliotumika kukitengeneza, vipimo, maandishi au alama zilizo juu yake, jina lake kama kinalo, kinachoonyeshwa na mchoro wake, kipindi kilipotengenezwa, na mtengenezaji akijulikana. Kisha mnaandika jambo ambalo polisi na maofisa wa forodha hulitafuta zaidi ya yote: alama za pekee, yaani ule mkwaruzo, ufa, kipande kilichomeguka au doa la moto ambalo kitu kingine cha aina hiyo hakiwezi kuwa nalo. Kigoda kipya ni kama vigoda mia vingine, lakini kigoda chenye mguu uliotengenezwa upya kwa msumari wa bati ni kimoja tu duniani.

Umuhimu wa picha unaonekana vizuri katika kisa cha vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliofariki. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa pwani akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake, na muda mfupi baadaye vigango hivyo vikaibwa. Miaka mingi ilipita kabla mtafiti huyo hajavitambua vikiwa katika makumbusho mawili tofauti nchini Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa Kenya. Vigango vingi vilivyoibwa havikuwa na bahati hiyo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amevipiga picha vikiwa vimesimama mahali pake.

Basi pigeni picha kwa mpangilio. Tumieni mwanga wa asubuhi au wa kivulini, wala si jua la saa saba. Wekeni rula au kipimo cha fundi cherehani kando ya kitu ili ukubwa wake uonekane. Pigeni pande zote, halafu sogeeni karibu mpige kila kasoro. Kwa jengo, anzeni nje kwenye pembe nne, ingieni ndani chumba kwa chumba, na msisahau dari, vitasa, bawaba, vigae na maandishi ya msingi. Lipeni kila faili jina lenye tarehe na mahali, kwa sababu jina ambalo simu huipa picha yenyewe halitamwambia mtu yeyote chochote miaka 10 ijayo. Wekeni nakala tatu, na mojawapo ikae nyumbani kwa mtu mwingine, mtaa mwingine. Msiweke mtandaoni picha zinazoonyesha mahali hasa kilipo kitu kinachoweza kuibwa.

Kuhusu picha na karatasi za zamani, nina kosa langu la kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua picha ya pekee ya babu yangu, akiwa amesimama kando ya baiskeli, nikaipeleka mjini ikafunikwe kwa plastiki ya moto ili isichakae. Ilitoka iking'aa. Baada ya muda ilianza kugeuka manjano, kisha uso wa picha ukajibandika kwenye plastiki hata haiwezekani tena kuitoa. Karatasi na picha hazipaswi kufunikwa namna hiyo. Zitieni katika bahasha safi za karatasi, andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini na si kwa kalamu ya wino, na liwekeni sanduku juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje, ambako mchwa na unyevu huanzia safari.

Hatua ya tatu: jueni mwenye ardhi na mjisajili

Jengo linaloonekana kuwa la mtaa linaweza kuwa la kaunti, la shirika la serikali, la wakfu, au la mtu binafsi ambaye hamjawahi kumwona. Fanyeni upekuzi rasmi wa ardhi, ambao mjini wengi huuita sachi, kwa kutumia namba ya kiwanja. Kwa viwanja vya Nairobi huduma hii hupatikana katika mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Matokeo yake ndiyo yatakayowaambia barua zenu zielekee wapi.

Kikundi chenu nacho kiwe na usajili, katiba fupi na kitabu cha kumbukumbu za mikutano. Ofisi husita kujibu “wakazi wenye hasira”, lakini hulazimika kujibu kikundi chenye namba, mwenyekiti na katibu.

Hatua ya nne: tumieni sheria zilizopo

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Sheria yenyewe ya kazi ni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwa mujibu wake, waziri anayehusika, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, anaweza kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jengo, mahali au kitu fulani kinalindwa. Sheria hiyo hutumia mwaka 1895 kama mpaka wa kutambua vitu vya kale vinavyohamishika, lakini msivunjike moyo kama ukumbi wenu ni wa miaka ya 1940, kwa kuwa jengo linaweza kutangazwa kwa sababu ya thamani yake ya kihistoria au kiutamaduni bila kujali umri. Sheria hiyo hiyo inakataza kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali.

Utaratibu ambao ningewashauri ni huu. Andikeni barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa, na mwambatanishe ukurasa wa umuhimu, orodha, picha zisizozidi 20, matokeo ya upekuzi wa ardhi, na saini za wakazi. Pelekeni nakala kwa idara ya utamaduni ya Kaunti ya Jiji la Nairobi na kwa idara yake ya mipango ya mji. Gawanyeni ombi lenu katika sehemu mbili zilizo wazi: kwanza, wataalamu waje kulikagua jengo, pili, ufunguliwe mchakato wa kulitangaza. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa, kwa maana barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Mkikaa bila jibu, au mkitaka kuona nyaraka za mradi unaolihusu jengo lenu, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu ombi la maandishi.

Kutangazwa katika Gazeti ni ngao nzuri, lakini hakuzibi paa linalovuja. Nimeona watu wakisherehekea tangazo kisha wakarudi nyumbani wakidhani kazi imekwisha.

Hatua ya tano: tengenezeni kidogo, na mtengeneze kwa vifaa vinavyopatana

Mwaka 1979 wataalamu wa Australia walitoa mwongozo ujulikanao kama Mkataba wa Burra, ambao ushauri wake mkuu ni kubadilisha kadiri inavyolazimu, lakini kidogo iwezekanavyo. Fundi wa kawaida hapendi kusikia hivyo, maana yeye hulipwa kwa ukubwa wa kazi.

Adui wa kwanza wa jengo la zamani ni maji. Kabla ya kufikiria rangi mpya, pandeni ngazi muangalie mabati, misumari iliyolegea, mifereji ya paa iliyojaa majani, na mahali maji ya mvua yanapotua chini. Mfereji uliosafishwa kabla ya mvua za masika huokoa ukuta kwa gharama ya kibarua cha siku moja.

Adui wa pili ni ukarabati wenyewe. Katika ukumbi mmoja wa Eastlands ambao nilikuwa nikiufuatilia, mkandarasi alikwangua viungo vya zamani kati ya mawe, akavijaza saruji, kisha akapiga lipu ya saruji sehemu yote ya chini ili ukuta “upate nguvu”. Uling'aa siku ya ufunguzi. Baada ya misimu miwili ya mvua, mawe yaliyo juu ya ile lipu yalianza kumenyuka kama ngozi iliyoungua na jua, na ukipitisha mkono unga wake ulibaki kwenye viganja. Sababu yake si uchawi. Ukuta uliojengwa kwa chokaa hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea kupitia viungo laini. Mkiviziba viungo kwa saruji, maji hutafuta njia nyingine, na njia hiyo huwa ni jiwe lenyewe. Yakikauka huacha chumvi, na chumvi hiyo hulivunja jiwe kutoka ndani.

Kipimo chepesi ni ufunguo wa mlango. Kwangueni kiungo kidogo mahali pasipoonekana: kikiwa cheupe au cha rangi ya maziwa, chenye vidonge vidogo vyeupe na kinachopukutika, hiyo ni chokaa, nayo itengenezwe kwa chokaa. Kikiwa cha kijivu na ufunguo ukateleza, hiyo ni saruji. Mwambieni fundi ajaribu kwanza kipande cha mita moja ya mraba, mkikague baada ya mvua, ndipo aendelee.

Pale mihimili au kuta zinazobeba uzito zinapohusika, msikubali kazi ianze bila mhandisi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, kasri iliyo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakapoteza maisha. Jengo bovu linaweza kuua hata mikononi mwa wanaolipenda.

Hatua ya sita: jiandaeni kwa moto na mafuriko

Tarehe 2 Septemba 2018 moto uliteketeza Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, iliyokuwa na vitu vipatavyo milioni 20, na wazima moto walikuta mabomba ya karibu hayana maji ya kutosha. Tarehe 18 Aprili 2021 maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town iliungua kutokana na moto uliotoka mlimani. Ikiwa taasisi kubwa kama hizo zilishikwa, chumba chenu chenye nyaya za umeme zilizounganishwa kwa utepe wa plastiki kisijidanganye.

Mwiteni fundi umeme mwenye leseni akague nyaya. Wekeni vizima moto penye mlango na si nyuma ya kabati. Andikeni orodha ya vitu visivyozidi 10 vitakavyookolewa kwanza, mkataje rafu vilipo na jina la mtu mwenye ufunguo wa pili. Vitu vingine vyote viwe angalau kimo cha goti kutoka sakafuni, jambo ambalo waliopata mafuriko ya Aprili 2024 hapa jijini hawahitaji kuelezwa.

Karatasi zikilowa, mna takriban siku mbili kabla ya kuvu kuota. Msizianike juani. Zitandazeni kivulini penye upepo, juu ya karatasi za gazeti zisizo na maandishi au vitambaa vya pamba, na mbadilishe vitambaa kila vinapolowa. Zikiwa nyingi kuliko mikono iliyopo, zitieni katika mifuko na mzigandishe kwenye friza hadi mpate nafasi. Picha zilizogandana msizibandue kwa nguvu.

Hatua ya saba: msisahau urithi usioshikika

Makaburi ya Kasubi nchini Uganda, majengo ya nyasi walimozikwa wafalme wa Buganda, yaliungua tarehe 16 Machi 2010, lakini yaliweza kujengwa upya, na mwaka 2023 yakaondolewa katika orodha ya maeneo ya Urithi wa Dunia yaliyo hatarini. Jambo lililowezesha hilo halikuwa fedha peke yake. Bado walikuwapo watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa desturi ya Buganda ndio wenye kazi ya kuezeka, wakijua aina ya nyasi, namna ya kuzifunga na miiko yake. Ujuzi huo ungekuwa umekufa, ramani ya mhandisi isingetosha.

Ndiyo maana orodha yenu iwe na watu pia: anayejua kupiga ngoma fulani, anayejua nyimbo za unyago, fundi wa mwisho wa aina fulani ya dirisha. Warekodini kwa simu katika chumba tulivu, wakizungumza lugha waliyoizoea. Kabla ya kubonyeza kitufe, mwelezeni mzee mnachotaka, rekodi itakaa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kukataa sehemu yoyote. Anayesema “hili si la kila sikio” asilazimishwe. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaiweka jamii yenyewe katikati ya kazi hii, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa Asilia na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayozipa jamii haki juu ya matumizi ya maarifa yao. Mtu akija na kamera kubwa na fomu ya lugha asiyoielewa bibi, kikundi kina haki ya kuuliza kwanza.

Hatua ya nane: hatari ikibisha hodi

Bango la mradi likisimikwa uwanjani, hesabu ya siku imeanza. Litafuteni tangazo la tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo husimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hupaswa kugusia pia mambo ya kijamii na kiutamaduni, kisha mpeleke maoni ya maandishi ndani ya muda uliotajwa humo. Leseni ikitolewa na msiridhike, rufaa hupelekwa katika Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira ndani ya siku 60. Kwa amri ya kusimamisha ubomoaji, tafuteni wakili awapeleke katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hapo ndipo daftari la hatua ya pili litakapowalipa, kwani jaji atauliza mnao ushahidi gani.

Jambo jingine, nalo nalisema kwa uzoefu: ongeeni na mwenye jengo mapema. Wapo wamiliki wanaobomoa kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha matumizi mengine. Maktaba za Kaloleni na Makadara zilikarabatiwa zikabaki maktaba, na watoto wanasoma humo. Jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, lililojengwa mwaka 1913, leo ni Nairobi Gallery. Pelekeni pendekezo lenye matumizi na hesabu, hata kama ni la kurasa mbili.

Hatua ya tisa: ukaguzi wa kila mwaka

Chagueni mwezi mmoja, ikiwezekana kabla ya masika, mrudi mahali pale pale mlipopigia picha mara ya kwanza, mpige tena kutoka pembe zile zile, kisha mzilinganishe. Kwa nyufa, chukueni penseli mchore mstari mdogo pale ufa unapoishia na muandike tarehe kando yake ukutani. Ufa usiovuka alama yake kwa miaka mitatu unaweza kusubiri. Katika ukumbi wetu tulichora alama tano, na nne hazijasogea. Ya tano, iliyo juu ya dirisha la upande wa barabara, ilikuwa imepitwa kwa upana wa vidole viwili tulipoikagua Machi, na mhandisi aliletwa wiki hiyo hiyo, kabla wingu la kwanza halijafunga.